Banda la Wasafiri Kwapa Lijengwe kwa Mbao

Tangu wanafunzi wa zamani walipotuma habari kwamba wako tayari kutusaidia kujenga banda la wasafiri huku Kwapa, mabweni yetu yamegawanyika pande mbili. Upande mmoja, nao ndio mkubwa, wataka matofali ya kuchoma, saruji, na jiwe la kumbukumbu lenye majina ukutani. Upande wa pili wataka mbao, na mimi ni mmoja wao. Wenzetu hutucheka, wakisema mbao ni za kibanda cha kuuzia chapati na sigara, si za kazi ya watu waliosoma. Kwa kuwa kelele za bwenini hazimfikii mtu aliye Kampala au Nairobi, namwomba Mhariri anipe nafasi niseme maneno yangu hapa, ili wazee wetu waliotutangulia katika shule hii wayapime wenyewe.

Kwanza tujue msafiri wa huku ni nani. Si mtalii mwenye mzigo wa kamera. Ni mama aendaye gulioni Malaba na kikapu cha nyanya, naye atarudi jioni kwa miguu. Ni kijana wa baiskeli au pikipiki. Msisahau kwamba kazi ya boda boda, ambayo sasa imeenea Afrika Mashariki yote, ilianzia katika mpaka huu wetu miaka ya 1960, watu walipokuwa wakipakiwa kwenye baiskeli kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja mpaka cha upande wa pili. Tena ni dereva wa trela na tandiboi wake. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, na tena Januari 2022, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi upande wa Kenya yakingoja kuingia Malaba, na watu walilala chini ya matrela siku baada ya siku. Kule Busia Marais wawili walifungua kituo cha pamoja cha mpakani mwezi Februari 2018, na karatasi sasa zapita upesi kuliko zamani. Lakini kituo cha forodha hakimpi mtu pa kukaa mvua inaponyesha.

Na mvua ya huku si mchezo. Twapata kiasi cha milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi katika Aprili na Mei, kisha tena kuanzia Agosti hadi Oktoba. Jua la Januari hupasua ubao mbichi kama muhogo. Upepo wa kabla ya mvua hung'oa mabati yaliyopigiliwa kivivu. Hayo yote watu huyajua. Jambo ambalo hatulitaji sana, labda kwa sababu tumelizoea, ni radi. Katika miaka ya 1967 hadi 1976 ngurumo zilihesabiwa Tororo, na wastani ulikuwa siku 251 kwa mwaka. Fikiri maana yake: katika kila siku tatu, mbili zilikuwa na ngurumo. Hesabu hiyo imeandikwa katika vitabu vya maajabu ya dunia nzima, nasi tunaoishi chini ya Mwamba wa Tororo twadhani kila nchi iko hivyo.

Sababu yake yaeleweka. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, huchemshwa na jua la mchana, hukutana na hewa ya upande wa Mlima Elgon, hupanda juu sana, na mawingu huanza kujipanga baada ya chakula cha mchana. Saa tisa au saa kumi yanapasuka. Saa hizo ndizo watu wako njiani wakitoka gulioni, na watoto wakitoka shuleni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Walikuwa shuleni. Agosti 2020, karibu na mji wa Arua, watoto 10 waliacha mpira wao, wakakimbilia kibanda cha nyasi wasilowe, wakafa humo. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kwa ibada wakati wa mvua. Yaangalieni mambo hayo matatu pamoja. Hakuna aliyekuwa akizurura porini. Wote walikuwa mahali palipokusanya watu, na wale wa Arua walikimbilia hapo kwa kutafuta usalama. Radi haikubagua kibanda cha nyasi wala shule.

Kwa hiyo banda la wasafiri si kitu cha kujengwa kwa furaha tu, kupigwa picha, na kuachwa. Banda lenye paa kando ya barabara ni mwito. Lamwambia kila apitaye: njoo huku, kaa hapa, mvua ipite. Na litasema hivyo hasa katika saa ile ya hatari. Kama tutawaita watu ishirini wakae chini ya paa moja wakati wa radi, na hatukuipa radi njia yake ya kuingia ardhini, heri tusijenge kitu. Dereva akibaki ndani ya kichwa cha gari lake la chuma, amefunga milango na vioo, yuko salama kuliko mtu aliyekaa katika kibanda kisicho na kinga. Hilo nalisema waziwazi ingawa lapunguza uzuri wa shauri letu.

Basi, mbao au matofali? Wenye matofali husema mbao humaliza miti. Husema hivyo kwa sauti kubwa sana, kana kwamba wamemaliza mdahalo. Nawauliza: matofali huchomwa kwa nini? Kila mtu amepita karibu na tanuri la matofali pembeni mwa kinamasi, likitoa moshi usiku kucha. Ndani yake mna magogo. Huku kwetu na kwa ndugu zetu wa Teso yote miembe ya mababu imekatwa kwa ajili ya makaa na matanuri, miembe iliyokuwa ikizaa kila mwaka bila kudai mbolea. Mti unaoingia tanurini huisha siku zile zile, wabaki majivu, na ukuta hauna hata kipande chake. Mti unaopasuliwa mbao hubaki ukutani, na ukitunzwa waweza kukaa miaka mingi kuliko umri wangu. Anayepinga mbao kwa huruma ya miti na huku anashika tofali la kuchoma mkononi, huruma yake ina kasoro.

Wako wenzetu wachache wenye hoja nzuri zaidi. Wao husema tutumie matofali ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine, yasiyochomwa, maana saruji twaipata hapa hapa Tororo ambako kiwanda kimekuwapo tangu miaka ya 1950. Hayo ni maneno ya akili, na kama tungejenga darasa ningekubali. Lakini sisi twajenga banda dogo, la mita 6 kwa 4. Mafundi seremala tunao, karakana ya shule tunayo, na mashine ile ya kushindilia udongo hatuna.

Wengine hudharau mbao kwa sababu wameziona zikioza. Kweli huoza, kwa vile zimechimbiwa ardhini kama mihogo. Mbao ina adui wawili wakubwa huku, maji na mchwa, na wote wawili huanzia chini. Dawa yake hatuna haja ya kuitafuta mbali. Tazameni ghala ya nafaka ya Waiteso, ile iitwayo edula. Imeinuliwa kutoka ardhini, imesimama juu ya miguu yake, imefunikwa kofia pana ya nyasi inayomwaga maji mbali. Bibi zetu hawakusoma fizikia, lakini mtama na wimbi vilikaa humo vikavu mvua za Aprili zikinyesha. Mwenye kuisanifu edula alijua kila kitu ambacho banda letu lahitaji, isipokuwa radi.

Watu wa mbali walifika kwenye shauri lile lile kwa njia zao. Huko Norway yako makanisa ya mbao yaliyojengwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, nayo bado yasimama, kwa kuwa magogo yake ya chini yamewekwa juu ya mawe, si juu ya udongo. Huko Japani hekalu la Horyuji lina mbao zenye umri wa zaidi ya miaka 1,300. Hapa kwetu Afrika Mashariki, aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu amelala katika vibanda vya mbao vya Mandara au Horombo, ambavyo paa zake zashuka karibu na ardhi kama herufi A. Lakini tusivinakili vile. Horombo iko mita 3,720 juu ya bahari, na adui wa msafiri pale ni baridi, basi kibanda hujikunyata. Sisi tuko kiasi cha mita 1,200, adui zetu ni joto la mchana, mafuriko ya nusu saa, mchwa, mbu na radi. Banda letu lijitanue.

Nimelichora hivi. Nguzo fupi za zege 12, katika safu tatu za nguzo nne nne, umbali wa mita 2 kati ya nguzo na nguzo. Ziinuke juu ya ardhi kiasi ambacho mtoto aweza kuchungulia chini ya sakafu na kuona mpaka upande wa pili. Juu ya kila nguzo tufunike kipande cha bati kilichopindwa kingo zake kuelekea chini, kama sahani iliyogeuzwa. Bati hilo haliui mchwa. Kazi yake ni kuwalazimisha watoke nje na kujenga njia yao ya udongo mahali pa wazi, nasi tukiiona twaivunja kwa fimbo. Nyumba huliwa na mchwa wasioonekana. Tena pasipandwe maua kuzunguka banda, hata kama yapendeza. Pawe murramu mtupu, pafagiliwe.

Sakafu iwe ya mbao. Kuta ziwe za mbao zilizolaliana kama magamba ya samaki, ubao wa juu ukifunika kichwa cha ule wa chini, ili mvua ya upepo isiingie na mbu wasipate nyufa. Juu ya kuta tuache nafasi ya hewa pande zote, tuizibe kwa wavu wa waya. Sisemi haya kwa anasa. Wilaya ya Tororo yajulikana na madaktari kwa wingi wa malaria, hata mwishoni mwa 2014 kazi ya kupulizia dawa kwenye kuta za nyumba ilianzishwa hapa. Msafiri aliyekwama usiku asitoke bandani na homa.

Paa ndilo litakalokuwa kubwa kuliko watu watarajiavyo. Lizidi kuta kwa mita moja nzima kila upande. Fundi mmoja aliniambia hiyo ni kupoteza mabati. Mimi naona kuta zisizolowa ndiyo akiba yenyewe, na chini ya upenu mpana waendesha baiskeli watapata pa kuegeza vyombo vyao. Nyasi ni baridi kuliko bati, nakiri, lakini nyasi ndefu za kuezekea zimekuwa haba tangu kila pembe ilipolimwa, na moto huzipenda. Tuweke bati, na chini yake dari la mbao nyembamba, pawe na nafasi ya hewa katikati.

Miti gani? Mvule ndio mfalme. Mchwa humwogopa. Lakini mvule huchukua muda wa maisha ya mtu kukomaa, na waliobaki wilayani ni wa kuhesabiwa. Kukata mvule kwa ajili ya banda la njiani ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi. Kama wanafunzi wa zamani wana mlango mkuukuu wa mvule au vipande vilivyobaki kutoka nyumba za zamani, watupe tufanye vizingiti. Nguzo na boriti ziwe za mikaratusi iliyotiwa dawa kwa mashine ya shindikizo, kama zile za umeme, na ununuzi wake ufanywe mahali penye sifa. Mbao za kuta ziwe za msonobari wa mashamba ya kupandwa. Tusipake oili chafu ya magari kama watu wafanyavyo, maana mvua huiosha na kuipeleka kwenye visima.

Na tupande. Shule ina mteremko nyuma ya uwanja ambao haufai hata kwa viazi. Naomba kila kidato kipande miche 50 ya mikaratusi na mgrevilia pale mteremkoni, si kinamasini, kwa kuwa mkaratusi ni mnywaji mkubwa. Baada ya miaka 10 hivi banda litahitaji mbao za kubadili zilizochakaa, na tutazitoa kwetu wenyewe. Banda lisilo na shamba lake la miti ni mkopo usio na mlipaji.

Sasa radi. Mabati ya paa yaunganishwe yote, kisha kutoka pembe zinazokabiliana zishuke tepe za chuma mpaka ardhini, mbili kwa uchache, zisikunjwe kwa kona kali. Ardhini zikutane na vyuma virefu vilivyopigiliwa chini, navyo viunganishwe na waya unaozunguka banda lote kama mshipi. Watu wengi wangetaka shaba. Shaba ni nzuri kweli, lakini shaba ya kando ya barabara huku haitalala siku saba kabla haijafika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na banda litabaki likionekana limekingwa kumbe halikukingwa, jambo lililo baya kuliko kutokuwa na kinga kabisa. Tutumie chuma kilichopakwa zinki. Ni kizito, hakina soko kama la shaba, na kazi yafanyika. Mabenchi yawekwe katikati, mbali na tepe hizo. Na kazi hii moja tusiifanye sisi wenyewe. Aitwe fundi aliyeisomea, alipwe, aipime kwa chombo, na aje kuipima tena kila mwaka kabla ya mvua za Aprili.

Ndani tuandike ubao, kwa Kiswahili, Kiteso na Kidhopadhola, wenye maneno machache: ukisikia ngurumo ingia ukae katikati, usiegemee nguzo, usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wajua kuhesabu: sekunde tatu kati ya mwanga na sauti ni kama kilomita moja. Wawafundishe nduguze nyumbani. Bado wako watu wanaofunika vioo na kuvua nguo nyekundu radi inapolia, na wengine humtafuta jirani aliyeituma. Sitaki kubishana na wazee. Nasema tu kwamba radi itashuka katika chuma hicho iwe imetumwa au haikutumwa.

Jambo la moto limeulizwa mara nyingi. Matandiboi hupika kwa jiko la makaa, na mtu mwenye njaa hasomi tangazo. Tuwajengee meko ya mawe hatua 15 kutoka bandani, yenye kipaa chake kidogo, nao watapika huko kwa kuwa ni rahisi zaidi, si kwa kuwa tumewakataza. Juu ya wizi wa mbao, wezi wapo, lakini waniambie ni jengo gani la matofali barabarani ambalo halijapoteza mlango, madirisha na mabati. Banda lenye mtu wa kulitunza haliibiwi. Mama anayeuza chai pembeni apewe ufunguo wa sanduku la vifaa na ruhusa ya kuuza chai yake barazani bila kodi. Hilo litalinda banda kuliko kufuli.

Kuhusu jiwe la kumbukumbu, lisiwepo. Gharama yake yatosha kununua tepe za chuma. Wazee wetu wanaotaka majina yao yaonekane, kila mmoja aandikwe kwenye ubao wa sakafu aliounua, na wasafiri watakaa juu yake.

Wakati nao ni mfupi. Mbao za msonobari zikinunuliwa mbichi zahitaji kupangwa kivulini, vijiti katikati ya ubao na ubao, zikauke polepole, la sivyo zitapinda tukishazipigilia. Kiangazi chetu ni Desemba mpaka Februari. Zikifika karakana kabla ya Krismasi, zitakuwa tayari kazi ya kuta itakapoanza, na nguzo za zege twaweza kuzimimina wakati tukingoja. Michango ipelekwe kwa mwalimu wa useremala, pamoja na jibu la swali moja: nani miongoni mwa wanafunzi wa zamani amjua fundi wa radi aliye tayari kuja Kwapa mwezi Machi?